Mwinyi Salasu

Nguo iliyofuliwa ikakosa jua ina harufu yake. Sisi tuliolelewa huku Nyanda za Juu tunaijua vizuri. Ikifika miezi ya baridi, jua linatoka la kudanganyia watu tu. Unaanika asubuhi, jioni ukigusa nguo bado ina maji kwenye pindo, unairudisha ndani, kesho unaitoa tena. Mwishowe inakauka, lakini imeshashika uvundo ambao hata pasi haiutoi. Juzi nilifungua kabati langu hapa Iringa kutafuta shuka la wageni, nikakutana na harufu hiyo. Nilikaa kitandani na lile shuka mapajani, wageni nikawasahau. Harufu hiyo kwangu ni babu, mzaa baba, na msuli wake wa bluu ulioning'inia kwenye kamba ya uani kwetu Iyunga, Mbeya.

Niseme mapema nisiwazungushe. Babu alikuwa hawezi kuzuia mkojo. Kwa ajili hiyo aliacha kwenda msikitini, na hakumwambia mtu yeyote sababu. Mimi nilikuwa mtoto mlemle ndani, macho makavu, naona kila kitu, na sikuelewa hata kimoja. Nilidhani babu amenichoka.

Baba yake babu alitoka Kilwa kufuata biashara, akaoa huku na akazikwa huku. Babu mwenyewe bahari hakuwahi kuiona, lakini alijihesabu mtu wa pwani. Alivaa msuli nyumbani hata kwenye ile baridi ya Mbeya ambayo wenzake walivalia suruali mbili na koti juu. Ukoo wake ulikuwa na akina Mwinyi wengi, Mwinyi huyu na Mwinyi yule, na alipenda kututajia majina yao ingawa wengi walishakufa kabla hajazaliwa. Alikuwa ameuza kanga na viungo sokoni mpaka magoti yalipomkataa. Baada ya hapo kazi yake ikawa msikiti. Mahali pake palikuwa safu ya mbele, karibu na dirisha, na begani kwake alisimama Mzee Sefu. Huyu Mzee Sefu alikuwa Mnyakyusa mstaafu wa reli aliyesilimu ujanani. Mtu mwingine akikaa pale, watu walimgusa bega asogee.

Mimi aliniita mke wangu. Wajukuu wa kike mnajua utani huo. "Mke wangu, kahawa iko wapi?" "Mke wangu, leo umechana nywele au umepigana na kuku?" Nilikuwa nakaa mapajani pake jioni, tunakula karanga, naye ananisimulia safari za watu ambao hakuwaona. Nilijiona mwenye nyumba. Mama akinigombeza nilikuwa nakwenda kumshtaki kwa mume wangu.

Kisha akazaliwa mdogo wangu Jabiri, na mambo yakageuka. Siku moja nilikwenda kukaa mahali pangu, babu akanizuia kwa mkono. "Umekuwa mkubwa mke wangu, utanivunja." Nikakaa chini kwenye jamvi, nimenuna. Baada ya muda mfupi mama akapita na mtoto, babu akanyoosha mikono. "Niletee huyo mzee mwenzangu." Akampakata. Ikawa hivyo kila siku. Wageni wakija, babu anataka mtoto. Wakiondoka, anamrudisha. Nikasema moyoni, kumbe nimeachwa, na talaka sijapewa.

Asubuhi moja nilitoka kwenda chooni nikamkuta uani, amechutama kwenye beseni, anafua msuli. Kulikuwa na ukungu mpaka kwenye mlango wa jiko. Mikono yake ilikuwa imekuwa myekundu kwa maji ya baridi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Rudi ndani, utashikwa na mafua."

"Kwa nini unafua wewe? Mama yupo."

"Mama yako ana kazi nyingi. Mwenzio kanikojolea."

"Jabiri si amelala?"

"Jana hiyo. Jana jioni."

Nilimwamini. Nilichosikia mimi ni kwamba Jabiri anamkojolea babu, na babu bado anampakata, na anamfulia kwa mikono yake. Nikauliza, "Na mimi ningekukojolea, ungenibeba?" Babu aliukamua msuli muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Nenda ndani, mwanangu." Hakusema mke wangu.

Ijumaa, Mzee Sefu alikuwa anampitia. Alifika mapema, kanzu imepigwa pasi, anasalimia kwa Kinyakyusa, babu anamjibu kwa Kiswahili cha madaha, ndio utani wao. Wanakaa kwenye benchi la uani. Wakati ukikaribia Mzee Sefu anasimama. "Twende basi." Na babu anasema, "Miguu, Sefu. Leo miguu haitaki." Mzee Sefu anamtazama miguu, anasema "Haya," anaondoka peke yake. Babu anageuza kiti kuelekea barabarani, anawaangalia watu wanaopita na kofia zao mpaka wanapokwisha.

Baba alidhani kuna ugomvi. Nilimsikia akisema naye sebuleni, kwa sauti ile ya mtu anayeogopa kumkosea mzazi wake. "Baba, watu wananiuliza. Kama kuna aliyekuudhi pale msikitini, niambie mimi nikaongee naye."

"Hakuna aliyeniudhi."

"Basi nikutafutie gari la kukupeleka."

"Nimesema hakuna, Hasani. Niache."

Nyumbani aliswali, lakini ilikuwa taabu tupu. Anabadilisha msuli, anatawadha, anasimama kwenye mswala wake chumbani, halafu katikati ya sala anasita. Anasimama tu, kichwa kimeinama. Kisha anauacha mswala, anatoka kwenda kujisafisha, anaanza upya. Mimi nilikuwa nachungulia mlangoni na nikaamua kwamba babu anasahau. Uzee, nikasema. Basi siku moja aliposita nikamtilia neno kutoka mlangoni, kwa sauti ya kumsaidia, nikamsomea aya inayofuata. Babu aligeuka akaniangalia. Sijui nilitegemea anishukuru. Aliukunja mswala, akakaa juu ya kitanda, na mimi nikaenda kucheza nimeridhika kabisa. Hilo nikilikumbuka hata sasa naona uso unanichoma.

Wakati huo nilikuwa nasoma madrasa, chumba kirefu cha bati nyuma ya msikiti. Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole asiyependa kupiga, anatufundisha kwa kuitikisha. Tulikuwa kwenye mlango wa najisi. Yeye anasema, sisi tunaitika mpaka kuta zinalia. Najisi ni tatu, nzito, ya kati na nyepesi. Nzito ni ya mbwa na nguruwe. Nyepesi ni mkojo wa mtoto wa kiume asiyekula chakula ila maziwa ya mama yake, huo hunyunyiziwa maji tu, yakaenea pale ulipogusa, basi nguo ni safi, inaswaliwa. Wa mtoto wa kike huoshwa. Wasichana tuliguna hapo, na mwalimu akatabasamu akasema ndivyo ilivyokuja.

Nilirudi nyumbani mbio. Ilikuwa Ijumaa, wazee wako kwenye benchi, Jabiri yuko mapajani pa babu, msuli uko kwenye kamba. Nikasimama mbele yao kama mwalimu.

"Babu, unajisumbua bure kufua. Jabiri hajaanza kula. Mkojo wake unanyunyizia maji tu, halafu unaswalia."

Babu akacheka. "Sefu, unamsikia mke wangu? Amesoma kunishinda."

"Kila siku anafua, Mzee Sefu," nikaendelea, maana nilipoanza kusema nilikuwa sijui kunyamaza. "Asubuhi na baridi yote hii. Kumbe ni kunyunyizia tu."

Mzee Sefu aliutazama msuli kwenye kamba. Alimtazama Jabiri. Akasugua magoti yake. "Basi twende, mzee mwenzangu," akasema taratibu. "Mtoto amekwisha kutoa hukumu. Nguo haina neno."

"Miguu, Sefu."

Mzee Sefu alinyanyuka. Alisimama muda mrefu kidogo kuliko siku nyingine, fimbo yake mkononi, kisha akasema "Haya" na kuondoka.

Kumbe mama alikuwa anajua. Mama ni Mhehe wa Kalenga, alisilimu alipoolewa, na kwao mkwe ni mtu wa kuinamisha macho. Chakula alimwekea mezani akaondoka. Maneno ya mwili wa mkwe wake angeyatamka kwa mdomo gani? Lakini yeye ndiye aliyekuwa anampokea Jabiri kutoka kwa babu, na nepi ilikuwa kavu. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko, amemshika mtoto kwapani, anamwagia maji kwenye nepi kwa kikombe. Kisha anaivua, anaikamua, anaianika mahali ambapo kila aingiaye ataiona.

"Mama, hiyo nepi si kavu?"

"Nyamaza wewe."

"Mwalimu amesema unanyunyizia palipo na mkojo. Wewe unanyunyizia pasipo na kitu."

"Nimesema unyamaze. Utanyamaza au hutanyamaza?"

Nilimwonea huruma. Niliona mama kasilimu ukubwani, hukumu hazijamkaa sawasawa, na nikaazimia kumfundisha polepole. Alinieleza mwenyewe nilipokwisha kuolewa, tunachambua mboga jikoni kwangu, bila kuniangalia. Alisema, "Nilikuwa namfichia. Ningefanyaje kingine?" Tukaendelea kuchambua mboga.

Mvua zikaanza. Mvua ya Mbeya ikiangukia bati unasema Mungu anamimina kokoto. Siku hiyo madrasa mwalimu alikuwa anapiga kelele na sisi tunapiga kelele, na hakuna anayemsikia mwenzake. Tulikuwa tumefika kwenye watu wenye udhuru. Mwalimu alisema sentensi, tukaiitika. Akaeleza maana yake, mdomo unakwenda, mikono inakwenda, tunaona tu. Akatuitikisha tena. Nilichokishika mimi kilikuwa hiki: Mwinyi Salasu Bauli hutawadha kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati kuingia.

Nilifurahi kupata mtu wa ukoo kwenye masomo. Nikampelekea babu habari hiyo jioni. Tulikuwa peke yetu sebuleni, Jabiri amelala.

"Babu, unamjua Mwinyi Salasu?"

"Mwinyi nani?"

"Mwinyi Salasu Bauli. Tumemsoma leo. Yeye anatawadha kila sala upya. Adhuhuri anatawadha, alasiri anatawadha tena, hata kama hajalala, hata kama hajaenda chooni."

Babu alifikiri. "Kwa nini?"

"Mvua ilikuwa kubwa, hatukusikia."

"Ni swahaba huyo?"

"Nadhani ni wa Kilwa. Labda ndugu yetu."

Babu alianza kucheka. Alicheka kama zamani, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na mimi nikacheka kwa furaha ya kumchekesha. Ghafla akakatisha kicheko. Akanyanyuka kwa haraka ambayo nilidhani miguu yake haina tena, akashika mbele ya msuli wake, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilibaki nimekaa na karanga mkononi. Nilijiuliza nimemkosea nini. Nikaona labda si adabu kuwataja akina Mwinyi hivyohivyo.

Lakini kesho yake aliniita mwenyewe. "Mke wangu. Huyo Mwinyi Salasu wako. Kamuulize mwalimu, kwa nini anatawadha kila sala. Ana nini?" Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama kunitazama usoni, na mkono wake uko begani kwangu.

Nilikwenda. Nikanyoosha kidole mbele ya watoto wote, nikauliza, Mwinyi Salasu Bauli ana nini? Darasa likalipuka. Mwalimu naye, masikini, alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika kofia. "Si Mwinyi," akasema. "Ni mwenye. Mwenye salasulbauli." Wavulana wakaanza palepale kuniita Bi Mwinyi. Mwalimu akawanyamazisha na kuendelea na somo jipya, na mimi nikawa natazama jamvi, masikio yananiwaka, simsikii tena. Swali langu hakulijibu, na kulirudia nisingelirudia hata kwa fimbo.

Babu alikuwa ananisubiri mlangoni. Pamoja na ubovu wa miguu yake, alikuwa amesimama.

"Enhe. Amesemaje?"

Nilikuwa bado na hasira za kuchekwa. "Hakuna mtu kama huyo," nikasema. "Nilisikia vibaya."

"Hayupo?"

"Hayupo babu. Nimechekwa bure."

"Basi," akasema. "Kama hayupo, hayupo." Akanipapasa kichwa akaingia ndani.

Jabiri akaanza kula uji, akaanza kutambaa, na mtoto akijua kutambaa kumpakata ni vita. Anajipinda, anateleza chini, anakwenda zake. Babu alimshika siku moja mbele ya wageni, mtoto akalia mpaka mama akaja kumchukua. Baada ya hapo babu akawa hatoki chumbani wageni wakija. Chai alipelekewa huko. Hata na Mzee Sefu wakawa wanaongea dirishani, mmoja ndani, mwingine nje amesimama kwenye majani yenye umande. Mimi hasira zilinitoka, nikawa nakwenda kukaa sakafuni karibu na kitanda chake, na akawa ananiita mke wangu tena. Nilidhani nimeshinda. Baridi iliyofuata haikuisha, babu akafariki. Mahali pake karibu na dirisha msikitini hakuwahi kupakanyaga tena.

Nimekuwa mtu mzima nikijua, kwa maneno ya mama, kwamba babu alikuwa na maradhi yale. Nililichukulia kuwa jambo la kusikitisha lisilo na dawa. Mpaka mwaka jana, kwenye darsa la wanawake hapa Iringa, chumba kimetulia, nje jua. Mwalimu wetu ni mama mtu mzima asiyeona haya ya jambo lolote. Akafika kwenye wenye udhuru.

"Mwenye salasulbauli," akasema, "ni mtu ambaye mkojo unamtoka bila kuweza kuuzuia. Wazee wengi wanayo, na kina mama wengi mkishazaa mnayo, msinitazame hivyo. Huyo anajisafisha, anajifunga kitambaa vizuri, wakati wa sala ukiingia anatawadha, anaswali hapohapo. Kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Sala yake ni sala kamili, na msikitini anakwenda."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, viatu mkononi, nikalia kwa namna ambayo wenzangu walidhani nimepigiwa simu ya msiba. Nilikuwa nimelibeba jibu lile mdomoni kwangu nikampelekea mpaka sebuleni. Aliliuliza mara mbili. Na mimi nikamwambia hayupo.

Jioni nilimpigia baba Mbeya. Nilimweleza yote, Mwinyi, mvua, mlangoni. Nilimsikia akinyanyuka na kufunga mlango.

"Kuna kitu sijapata kumwambia mtu," akasema. "Mwosha maiti anachokiona anakificha, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini hili naona si aibu tena. Nikuambie?"

"Niambie, baba."

Akaniambia kwamba babu aliogeshwa na watu watatu, yeye, mwalimu wetu wa madrasa na Mzee Sefu. Walipomfungua msuli walikuta chini yake vitambaa, vimekunjwa vizuri, safi, vimefungwa fundo ubavuni. Alijifunga mwenyewe, na bado msikitini hakwenda. Mwalimu alikuwa anageukia ndoo ya maji. Mzee Sefu aliinama kulifungua lile fundo, akalishika asilifungue.

"Nikamwambia, mzee, niache mimi nifungue," baba akasema. "Hakusogea. Akanishika mkono wangu, akaupeleka ubavuni pake mwenyewe, juu ya kanzu, nikashika fundo. Lilelile. Akaniambia, 'Hasani, mimi nina hali hii tangu nilipokuwa kazini. Nimesimama begani kwa baba yako miaka yote nimejifunga hivi.' Nikamuuliza, kwa nini hukumwambia? Akasema, 'Siku ile mtoto aliposema habari za msuli, nilijua. Kila Ijumaa niliyokuja nilikuja kumwambia. Nilikuwa nasubiri aanze yeye.'"